Polima zinazoua bakteria sugu: ni nini, zimefikia wapi, na je, ni salama kwa mtoto?

Mama mmoja aliyekuwa akimleta mwanawe kusafishwa kidonda cha moto alinishika mkono mlangoni akanionyesha simu yake. Kulikuwa na habari inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba wanasayansi wametengeneza "plastiki" inayotoboa bakteria walioshinda dawa zote. Akaniuliza, "Sista, hii inauzwa wapi? Hata kama ni Dar, nitatafuta hela."

Hakuuliza kwa udadisi. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amemwagikiwa uji wa moto kifuani na mkononi, kidonda kikaingiwa na maambukizi, na majibu ya maabara yalikuwa yametoka siku mbili kabla. Maabara inapootesha usaha na kujaribu dawa mbalimbali juu ya bakteria aliyeota, huandika S mbele ya dawa inayomuua na R mbele ya dawa aliyoishinda. Karatasi ya mtoto huyu ilikuwa na R karibu mstari kwa mstari.

Jibu fupi nililompa ndilo ninalokupa na wewe: dawa ya aina hiyo ya kunywa au ya kuchoma sindano haipo hospitalini wala kwenye duka la dawa. Iko maabara. Mtu akikuuzia leo kidonge au maji ya "polima ya kuua bakteria sugu" kwa ajili ya mtoto, anakudanganya. Lakini habari ile si uzushi mtupu, na mama aliyeuliza vile anastahili jibu refu zaidi ya "hakuna".

Kwa nini dawa za kawaida zinashindwa?

Antibayotiki nyingi hufanya kazi kama ufunguo kwenye kitasa. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, hushika sehemu moja tu ya bakteria, ile inayojenga ukuta wake. Bakteria akibadilisha kitasa kidogo, ufunguo hauingii tena. Wengine hutengeneza kimeng'enya cha kuuvunja ufunguo kabla haujafika mlangoni. Na ujuzi huo hawaufichi, kwa sababu bakteria hupeana vipande vidogo vya vinasaba, hata bakteria wa aina moja na wa aina nyingine, kama majirani wanavyoazimana ungo. Fleming mwenyewe alilionya hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel, kwamba dozi ndogo isiyotosha kuua humfundisha bakteria kuizoea dawa.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yanasema watu milioni 1.27 walikufa mwaka huo moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa. Ni namba kubwa mno kuweza kuihisi, kwa hiyo nakupa ya karibu. Watoto waliolazwa Muhimbili, Dar es Salaam, walifuatiliwa kati ya mwaka 2001 na 2002, na matokeo yakachapishwa 2007. Wale waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu-hasi kwenye damu walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha watoto wenye malaria. Kupewa dawa ambayo bakteria ameshaishinda kulikuwa moja ya mambo yaliyomweka mtoto kwenye hatari ya kufa. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita, na bakteria hawajalala tangu hapo. Sisi wote tunamkimbiza mtoto kupima malaria, na ni sawa. Ila homa ambayo si malaria tunaichukulia wepesi kuliko inavyostahili.

Polima ni kitu gani?

Kama umewahi kutunga shanga, umeshaelewa nusu ya habari hii. Polima ni molekuli ndefu iliyotungwa kwa molekuli ndogo nyingi, moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Wanga wa ugali ni polima. Pamba ya kanga yako ni polima, na hata nywele zako. Hizo zimetungwa na mimea na miili. Nailoni na plastiki ya ndoo ni polima pia, ila zimetungwa kiwandani.

Kwa hiyo anayeziita dawa hizi "plastiki" hajakosea sana, ila anapotosha. Hakuna anayesaga ndoo na kumchoma mtoto sindano. Wanakemia huchagua shanga za aina mbili au tatu, wakaamua ngapi za kila aina, zifuatane vipi, na uzi uwe mrefu kiasi gani. Ukibadilisha kimoja tu kati ya hivyo, unapata kitu chenye tabia nyingine kabisa.

Wazo lenyewe lilitoka kwa chura

Katikati ya miaka ya 1980, daktari mtafiti Michael Zasloff alikuwa Marekani akifanya kazi na vyura wa kusini mwa Afrika wenye kucha miguuni. Ni chura yuleyule ambaye hospitali za zamani zilimtumia kupimia ujauzito: mkojo wa mwanamke ulichomwa mwilini mwake, na kama mama alikuwa mjamzito, chura alitaga mayai. Zasloff alikuwa akiwapasua vyura kuchukua mayai kwa ajili ya utafiti mwingine, anawashona, kisha anawarudisha kwenye maji ambayo hayakuwa safi hata kidogo. Akashangaa kuona vidonda vinapona bila usaha.

Alitafuta sababu ndani ya ngozi ya chura akakuta minyororo mifupi ya protini yenye uwezo wa kuua bakteria. Mwaka 1987 alichapisha matokeo na kuiita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Ngao za namna hiyo hata sisi tunazo. Ule utando mweupe unaoteleza anaozaliwa nao mtoto, ambao bibi wengi wanataka usuguliwe mara moja kwa sababu "ni uchafu", una minyororo ya aina hiyo ndani yake. Maziwa ya mama nayo yanayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24 tangu kuzaliwa, na kama haiwezekani basi angalau saa sita. Sababu kubwa ni kumkinga na baridi, lakini utando ule nao unakuwa umepata muda wa kufanya kazi. Mfute damu, mkaushe, mweke kifuani kwako. Utando uache.

Zinamuuaje bakteria?

Bakteria amefunikwa na utando wa mafuta ambao upande wa nje una chaji hasi ya umeme. Seli zetu nazo zina utando wa mafuta, lakini kwa nje karibu hauna chaji, na umekazwa na kolesteroli. Tofauti hiyo ndogo ndiyo tegemeo la kazi hii yote.

Minyororo ya chura, na polima zinazoiiga, ina shanga zenye chaji chanya. Chanya na hasi huvutana, kama sketi ya nailoni inavyong'ang'ania miguu siku ya jua kali, hivyo polima inamkimbilia bakteria na kumnatia. Hapo zinaanza kazi shanga za aina ya pili, zile zinazopenda mafuta. Zinajipenyeza kwenye utando kama sabuni inavyoingia kwenye mafuta ya sufuria, utando unachanika, vya ndani vinavuja, bakteria anakufa.

Hapa hakuna kitasa cha kubadilisha. Bakteria anayetaka kuikwepa polima ya namna hii inambidi abadilishe ngozi yake yote, na hilo ni gumu kuliko kubadilisha kitasa.

Unaweza kuuliza kwa nini wasitumie tu dutu ya chura. Kuitengeneza kwa wingi ni ghali, na ikiingia mwilini vimeng'enya vyetu huikatakata haraka kwa sababu vinaitambua kama protini. Polima hupikwa kwenye chombo kimoja kwa gharama ndogo zaidi, na nyingi kati yake vimeng'enya hivyo havizitambui.

Ugumu uko kwenye usalama

Kuua bakteria si kazi ngumu. Jiki inaua bakteria sugu vizuri sana, na bado hatumnyweshi mtoto. Kazi ngumu ni kumuua bakteria aliyelala katikati ya seli za mtoto bila kuzigusa seli hizo.

Kipimo cha kwanza maabara ni cha kawaida mno. Wanachukua chembe nyekundu za damu, wanachanganya na polima, wanasubiri. Maji yakibadilika kuwa mekundu, maana yake chembe zimepasuka. Kisha wanalinganisha kiasi cha polima kinachozuia bakteria na kiasi kinachopasua nusu ya chembe za damu. Viwili hivyo vikiwa karibu, polima hiyo inatupwa. Vikiachana mbali sana, wanaendelea nayo.

Polima nyingi hutupwa hapo. Ukizidisha shanga zinazopenda mafuta, polima haichagui tena, inapasua utando wowote inaoukuta. Ukizipunguza mno, inanata juu ya bakteria bila kumfanya kitu. Uzi ukiwa mrefu kupita kiasi, sumu mara nyingi inaongezeka.

Baadhi ya makundi yamefika mbali. Mwaka 2007 kundi la Samuel Gellman, Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, lilionyesha kwamba hata polima ya ukoo wa nailoni, ambayo shanga zake zimechanganywa bila mpangilio maalumu, inaweza kuua bakteria na kuziacha chembe za damu, mradi uwiano wa shanga uwe sawasawa. Kabla ya hapo wengi waliamini lazima mnyororo ujikunje kwa umbo kamili kama wa chura. Australia, Chuo Kikuu cha Melbourne, kundi la Greg Qiao na mwanafunzi wake Shu Lam walitengeneza polima yenye umbo la nyota, mikono mingi ikitokea katikati, kwa kutumia lisini na valini, ambazo ni shanga zilezile zinazounda protini za chakula chetu. Mwaka 2016 walieleza kuwa nyota hiyo iliponya panya waliokuwa na maambukizi ya Acinetobacter sugu, bakteria anayesumbua sana kwenye wodi za wagonjwa mahututi na za majeraha ya moto.

Kundi jingine, la James Hedrick wa IBM na Yi Yan Yang wa Singapore, limelenga swali ambalo mama yule aliniuliza baadaye: hiyo plastiki ikishaua, inakwenda wapi? Polima yao ya mwaka 2018 imetungwa kwa viungo ambavyo mwili unaweza kuvivunja, na inasambaratika ndani ya siku chache. Mimi nikiambiwa nichague kati ya polima kali kuliko zote na ile inayojua kuondoka, nitachagua inayoondoka. Mtoto wa kilo nane ana ini na figo ndogo, na anatarajiwa kuishi miaka 70 na kitu alichopewa.

Mwaka 2023, kundi la Quentin Michaudel wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, likishirikiana na wenzao wa Massachusetts, lilitangaza polima ambazo chaji chanya imewekwa kwenye uzi wenyewe badala ya kuning'inia pembeni. Ziliua E. coli na stafilokokasi sugu, na kazi iliyofuata, kama watafiti wenyewe walivyosema, ilikuwa kuongeza umbali kati ya kumuua bakteria na kuidhuru seli ya binadamu. Habari za namna hii ndizo huishia kwenye simu zetu zikiwa zimeandikwa "TIBA IMEPATIKANA".

Kilichotokea Korea Kusini

Nataka kila mama aijue habari hii, maana inahusu polima ya kuua bakteria iliyouzwa kwa akina mama.

Korea Kusini wakati wa baridi hewa ndani ya nyumba hukauka, na familia nyingi huweka mashine ndogo inayotoa mvuke chumbani, hasa kwenye chumba cha mtoto. Kuanzia mwaka 1994 madukani kulikuwa na dawa ya kumimina kwenye maji ya mashine hiyo ili bakteria wasiote ndani. Katika bidhaa zilizouzwa sana, dawa yenyewe ilikuwa polima yenye chaji chanya, ya ukoo uleule ninaouzungumzia hapa. Ilikuwa inatumika kusafishia vitu, na ikigusa ngozi haikuonekana kuwa na madhara makubwa. Wazazi waliinunua kwa upendo, kama wewe unavyonunua sabuni ya mtoto.

Mwaka 2011 hospitali moja kubwa ya Seoul ikaanza kupokea wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni wakiwa hawawezi kupumua, mapafu yamekakamaa, na hakuna vimelea vilivyopatikana. Uchunguzi wa serikali mwaka huohuo uliifikia ile dawa ya mvuke, na kabla mwaka haujaisha bidhaa hizo ziliondolewa sokoni. Watu waliokufa wanahesabiwa kwa mamia, na wengi wa walioathirika walikuwa watoto wadogo na mama zao.

Polima ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni njia iliyopitia. Ilipogeuzwa mvuke ikaingia kwenye mapafu, ambako utando ni mwembamba kuliko karatasi ya sigara, na ikaingia kila usiku, miezi kwa miezi. Hakuna aliyekuwa ameijaribu kwa kuivuta.

Ndiyo maana ukisoma kwamba polima fulani "ni salama", uliza ni salama ikipita wapi, kwa kiasi gani, kwa siku ngapi. Kwetu pwani hatuna shida ya hewa kavu, lakini tunao wanaopulizia dawa ya kuua vijidudu chumba kizima mtoto akiwa kitandani, na wanaochanganya jiki na dawa nyingine ya chooni kisha wanafunga mlango. Dawa ya sakafu iishie sakafuni.

Je, bakteria hawataizoea?

Kwenye utafiti wa Melbourne, bakteria walikuzwa kwa vizazi 600 wakiwa na dozi ndogo ya polima na usugu haukuonekana. Hilo linatia moyo. Hata hivyo sitakuambia kwamba haiwezekani kabisa, kwa sababu tuna mfano wa kolistini.

Kolistini ni antibayotiki ya zamani, ya miaka ya 1940, ambayo nayo ina chaji chanya na hushambulia utando. Iliwekwa kando kwa miaka mingi kwa sababu iliumiza figo, kisha ikarudishwa dawa nyingine ziliposhindwa. Mwaka 2015 watafiti wa China wakatangaza kwamba wamekuta, kwa nguruwe na kwa wagonjwa, kinasaba kinachompa bakteria uwezo wa kupunguza chaji hasi ya utando wake ili kolistini isimnatie. Na kinasaba hicho kilikuwa kwenye kile kipande ambacho bakteria hupeana. China ilikuwa ikitumia kolistini kunenepesha mifugo, na baadaye ikaacha.

Polima nzuri humpa bakteria kazi ngumu zaidi ya kolistini. Zikija kutumika ovyo, kwa kuku na kwa mafua, sina imani kwamba hatapata njia.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtoto

Panya akipona, bado safari ni ndefu. Polima lazima ijaribiwe kwa watu wazima wenye afya, kisha kwa wagonjwa wachache, kisha kwa wengi, ikilinganishwa na dawa zilizopo. Wajawazito na watoto kwa kawaida huingizwa mwisho. Kuna ugumu mwingine ambao hausemwi kwenye vichwa vya habari, kwamba minyororo ya polima inayotoka kwenye chungu kimoja haina urefu sawa kabisa, wakati mamlaka za dawa zinataka kujua kwa hakika kilicho ndani ya kila chupa.

Na si kila kinachofika mwisho kinapita. Dawa ya kupaka iliyotokana na magainini ya chura, kwa ajili ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, ilifika hadi mezani kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, ikakataliwa mwaka 1999 kwa kuwa haikuonyesha kuzidi dawa zilizokuwepo. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu Zasloff achapishe habari ya chura wake.

Ni zipi ambazo tayari zipo?

Ndugu wa polima hizi wanaotumika kwa nje wapo kwa miaka mingi. Mmoja anaitwa polihexanidi. Utamkuta kwenye baadhi ya maji ya kusafishia vidonda, kwenye bendeji fulani za vidonda vya moto, na kwenye maji ya kuhifadhia lenzi za macho. Hospitali kubwa huwa nazo, ingawa bei yake si ya kila mtu. Ni dawa ya nje, hainywewi, haichomwi, haivutwi. Na kabla hujauza kuku wako kununua bendeji ya gharama, ujue kwamba kidonda kinachosafishwa kila siku kwa maji safi na salini na mtu aliyenawa mikono hupona mara nyingi bila hiyo.

Mwingine, ambaye si polima ila anafanana naye kwa chaji na kwa kazi, ni klorhexidini. Ile ya asilimia 7.1 hupakwa kitovu cha mtoto mchanga, hasa kwenye maeneo ambako watu wana desturi ya kupaka kitovu vitu vyenye madhara. Kama kituo chako hakitumii, kitovu kiachwe kikavu na safi, bila mavi ya ng'ombe, majivu, wala mate. Kama kinatumia, soma chupa mara mbili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya watoto katika nchi kadhaa za Afrika kuumia macho vibaya, kwa sababu mtu alidhani ni dawa ya macho akawatia.

Mtoto ana kidonda au homa leo, nifanye nini?

Akiungua, mmwagilie maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, umfunike sehemu iliyobaki asipate baridi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala asali ya dukani. Na tafadhali, usifungue kapsuli ya rangi mbili ukamwagia unga wake kidondani. Nimeosha vidonda vingi vilivyokuwa na ganda la manjano la unga huo, na chini ya ganda usaha umetulia. Dozi inayofika kwa bakteria pale ni ileile ndogo aliyoionya Fleming.

Dawa ikiandikwa, imalize kwa siku zote. Ukiambiwa mafua au kuharisha kwa maji hakuhitaji antibayotiki, usione umenyimwa huduma. Kama kidonda kinanuka, kinatoa usaha, au mtoto hapati nafuu baada ya siku mbili hadi tatu za dawa, omba apimwe kwa kuotesha, na kama kituo hakina maabara hiyo, uliza wapi ipo. Sampuli ikichukuliwa kabla hajaanza dawa nyingine, majibu huwa ya kuaminika zaidi.

Mtoto wa chini ya miezi miwili hana muda wa kusubiri siku mbili. Akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, akilegea au akidegedege, nenda kituoni saa hiyohiyo, hata usiku. Usipite duka la dawa kwanza.

Na karatasi ya majibu ya maabara usiiache kwa daktari. Omba nakala uibane kwenye kadi ya kliniki. Mtoto akiumwa tena mwakani, anayemtibu ataanza anapojua bakteria wake wa mwisho alishinda dawa zipi.

Mama yule aliibana ya kwake. Kwenye ile orodha kulikuwa na S moja, ya dawa ya sindano ambayo sisi hatuna, akapewa rufaa siku hiyohiyo akaondoka na basi la jioni. Alirudi wiki tatu baadaye. Mkono umeziba, kifuani kumebaki sehemu kama kiganja, na anakuja Jumatatu na Alhamisi kubadilishiwa bendeji. Juzi ameniuliza tena kama ile plastiki imeshafika.